Uzio wa mbele na uzio wa nyuma: jibu kwa diwani anayeandika upya sheria ndogo ya mji wake

Swali: Mimi ni diwani na mjumbe wa Kamati ya Mipango Miji na Mazingira katika halmashauri moja ya mji hapa Tanzania. Sheria ndogo yetu ya uzio ina mstari mmoja tu: ukuta usizidi mita 1.8 popote mjini. Hakuna anayeifuata. Kwenye kata za makazi kuta zimefika mita 3, kwenye barabara ya maduka watu wamejenga fremu, yaani vyumba vya maduka vya kupangisha, juu ya mpaka, na masika yaliyopita ukuta ulianguka kwenye njia wanayopita watoto wa shule. Bahati nzuri hakuna aliyeumia. Kamati imegawanyika. Wapo wanaotaka urefu ushushwe, wapo wanaosema wananchi wanajikinga na wezi. Tuanzie wapi, na tuandike nini?

Jibu:

Mheshimiwa Diwani, kitu cha kwanza ambacho ningekifuta katika sheria ndogo yenu ni hiyo namba moja ya mji mzima. Mita 1.8 ni nyingi mno kwenye kona ya barabara, na ni chache mno nyuma ya nyumba inayopakana na soko. Sheria ya namna hiyo haipati mtetezi, ndiyo maana watendaji wa mitaa wanazipita kuta hizo wakiangalia pembeni. Kamati ikiendelea kuvutana kama urefu upande au ushuke, mtamaliza vikao vya mwaka mzima bila rasimu. Anzeni na swali linalotangulia urefu: uzio huu uko upande gani wa kiwanja?

Pwani swali hili lilijibiwa zamani. Nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele, inatazama njia, na anayepita anasalimiana na waliokaa. Nyuma ina ua uliozungushiwa makuti au ukuta, na huko ndiko kuna jiko, choo, kamba ya nguo na faragha ya familia. Mbele ni pa watu, nyuma ni pa wenyewe. Viwanja vya kupimwa vilipoenea, nyumba ikawekwa katikati na ukuta wa kimo kimoja ukazunguka pande zote nne. Leo ukitembea kwenye mitaa hiyo unapita kati ya tofali na tofali, huoni mtu na hakuna anayekuona. Sheria ndogo mpya irudishe tofauti ile ya mbele na nyuma. Uingereza wanafanya hivyo hadi leo: bila kuomba kibali, uzio ulio kando ya barabara ya magari mwisho wake ni mita 1, na kwingine ni mita 2. Hamlazimiki kuchukua namba zao, lakini mantiki yao inafaa kwenu.

Kwa mji wenye hali mliyoieleza, mimi ningependekeza hivi. Upande unaotazama barabara, ukuta usiopenyeza macho uishie mita 1.2. Juu yake mwananchi aruhusiwe kuweka grili, wavu au matofali yenye matundu mpaka jumla ifike mita 2.1. Pembeni na nyuma, kuanzia usawa wa ukuta wa mbele wa nyumba, aruhusiwe ukuta mzima wa mita 2.4. Kinachodhibitiwa mbele ni kuona zaidi kuliko kimo, na hapo ndipo kamati yenu inaweza kukutana, kwa sababu mwenye hofu ya wezi hanyimwi urefu.

Nao wanaosema wezi wana hoja, msiidharau. Mtu aliyeibiwa hawezi kuambiwa mtaa upendeze kwanza. Lakini angalieni ukuta wa mita 3 unavyofanya kazi usiku. Mwizi anahitaji kuuruka mara moja tu. Akishatua ndani, ukuta uleule unamficha: jirani haoni, vijana wa bodaboda pale kijiweni hawaoni, mlinzi wa nyumba ya pili haoni. Anaweza kukata dirisha kwa nusu saa nzima. Grili haimfichi mwizi, na mwanga wa taa ya nje unapita hadi barabarani, kwa hiyo kila anayepita anakuwa shahidi. Waya wa wembe uruhusiwe kuanzia mita 2.1 kwenda juu, uelekezwe ndani ya kiwanja na usining'inie juu ya njia. Chupa zilizovunjwa juu ya ukuta zikatazwe moja kwa moja. Fundi akija kukarabati, au mtoto akifuata mpira, ndio wanaoumia, wakati mwizi anatupia gunia juu yake na kupita.

Uzio wa umeme unahitaji kifungu chake. Mashine halali ya kazi hii hutoa mipigo mifupi, kila mpigo ukipishana na mwingine kwa sekunde moja au zaidi, na nishati ya mpigo mmoja haizidi joule 5 kwa kiwango cha kimataifa. Inashtua na kumwachia mtu nafasi ya kujitoa. Anayeunganisha waya moja kwa moja na umeme wa nyumbani ametega mtego wa kuua, na kifungu kiseme hivyo waziwazi, kiweke adhabu, na kidai bango la onyo kila baada ya mita chache na kimo kisichofikiwa na mkono wa mpita njia.

Ukali wote uliobaki ningeupeleka kwenye kona na kwenye mageti. Jicho la dereva wa gari dogo liko kama mita 1.05 kutoka ardhini, na kutoka jichoni mwake hadi bampa ya mbele kuna mita 2 na kitu. Dereva anayetoka getini kati ya kuta mbili ndefu anaanza kuona pembeni wakati pua ya gari imeshatokeza mita mbili kwenye njia ya waenda kwa miguu. Mtoto anayekuja akikimbia sambamba na ukuta hamwoni kabisa. Upande wa barabara, gari linalokwenda km 30 kwa saa linahitaji kama mita 20 kusimama, ukihesabu na ile sekunde moja na nusu ya dereva kushtuka na kukanyaga breki. Kwa hiyo kwenye kiwanja cha kona, pimeni mita 6 kutoka kwenye bikoni ya kona (alama ya mpaka iliyowekwa na mpima ardhi) kufuata kila barabara, unganisheni ncha hizo mbili kwa kamba, na ndani ya pembetatu hiyo kisiwepo chochote kinachozidi mita 0.9, yaani chini kidogo ya jicho la dereva. Iwe ukuta, iwe michongoma, iwe bango la biashara au genge la mboga, kimo ni hichohicho. Kwenye geti fanyeni vivyo hivyo kwa mita 2 kila upande.

Geti lenyewe lisifungukie nje. Inashangaza ni sheria ndogo chache kiasi gani zinazosema jambo hili, na kila siku mabati mawili ya mita mbili mbili yanafagia njia ya watu. Lifungukie ndani au liteleze. Kwenye barabara yenye magari mengi ningelirudisha ndani mita 5 kutoka mpakani, ili gari linalosubiri kufunguliwa lisiache mkia barabarani. Kwenye viwanja vidogo vya mita 15 kwa 20 hilo ni gumu, na geti la kuteleza litatosha.

Andikeni pia urefu unapimwa kutoka wapi. Kifungu kisipolitaja hili, hapo ndipo ugomvi wa majirani unapozaliwa. Mwenye kiwanja cha juu anamwaga kifusi mpaka ardhi inapanda mita 1, kisha anajenga ukuta wake wa mita 2.4 juu ya kifusi. Yeye anaona ametii sheria, jirani wa chini anaishi nyuma ya ukuta wa mita 3.4. Kipimo kianzie kwenye ardhi ya asili kabla ya kujazwa, na kwenye mteremko ukuta ushuke ngazi kwa ngazi. Ukuta wa uzio usiruhusiwe kabisa kushikilia udongo. Anayetaka kujaza kifusi alete mchoro wa mhandisi wa ukuta wa kuzuia udongo, maana hiyo ni kazi nyingine.

Hili linatuleta kwenye ukuta wenu ulioanguka. Sijauona, lakini hesabu ya kuta za aina hii haibadiliki. Maji yakijaa nyuma ya ukuta kwa kina cha mita 1, yanausukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa nusu tani kwa kila mita moja ya urefu wake. Ukuta wa bloku za inchi 6 wenye kimo cha mita 2 una uzito wa kama kilo 600 kwa kila mita, na umesimama juu ya upana wa sentimita 15 tu. Ukipiga hesabu ya kupinduka, maji yana nguvu zaidi ya mara tatu ya uzito unaoushikilia ukuta. Kinachouokoa ni nguzo zenye nondo zilizoshikana na msingi, na hapo ndipo wengi wanapobana matumizi. Ukuta umesimama kiangazi chote kwa sababu hakuna aliyeusukuma, mvua ya masika ndiyo inayokuja kuujaribu.

Kwa hiyo andikeni: kila ukuta wa tofali uwe na matundu ya maji chini kabisa, usawa wa ardhi, tundu la nusu tofali kila baada ya mita 2, na matundu hayo yasizibwe wala yasipewe bomba linalommwagia jirani. Nguzo ya zege yenye nondo iwepo kila mita 3. Ukuta wowote unaozidi mita 2.1 uwe na mchoro uliosainiwa na mhandisi. Hakuna uzio unaopita juu ya mtaro au kuziba njia ya asili ya maji. Kando ya mto au ziwa mna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60, na sheria ndogo yenu haiwezi kulegeza hapo. Lakini msisubiri sheria kwa kuta zilizokwisha kuinama. Mwombeni mhandisi wa halmashauri apite njia zote za shule kabla ya masika yajayo, na penye ukuta ulioinama mwenye nyumba apewe amri ya hatari leo hii.

Sasa upande wa biashara, ambako naona rasimu nyingi huishia kuandika tu "mita 2.4 kwa maeneo ya biashara" na kusonga mbele. Tatizo lenu kubwa hapo ni fremu. Tunajua inavyokwenda. Mtu anajenga ukuta wa mbele. Baada ya muda anautoboa mlango, anaezeka bati linaloegemea kwa ndani, anapangisha. Uzio umekuwa jengo, na jengo limekaa juu ya mpaka: ngazi zake ziko barabarani, wateja wanasimama barabarani, bodaboda zinaegeshwa juu ya mtaro. Mwenye nyumba simlaumu, kodi ya fremu tatu inasomesha watoto. Lakini Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka uendelezaji wa ardhi uwe na idhini, na kugeuza makazi kuwa maduka ni mabadiliko ya matumizi ya ardhi, hata kama yamefanyika tundu moja baada ya jingine.

Ningeligawa jambo hili kwa mtaa. Katika barabara ambazo mpango wenu wa kina umezitenga kwa biashara, fremu ziruhusiwe wazi, ila zirudi nyuma mita 3 kutoka mpakani, ili veranda, ngazi na mteja vyote viwe ndani ya kiwanja. Hapo ukuta wa mbele ukatazwe kabisa, maana duka lililojificha nyuma ya ukuta halimfaidii mwenye duka wala mtaa. Katika mitaa ya makazi, nyumba iruhusiwe duka moja dogo la mahitaji ya nyumbani, na sehemu iliyobaki ya mbele ibaki uzio. Kuzuia kabisa hakutekelezeki. Kuachia kabisa mtaamka siku moja mtaa wote umegeuka gulio na hakuna pa kupitisha gari la wagonjwa.

Kwa magodauni, gereji na yadi za vyuma chakavu mantiki inageuka. Hizo zinatakiwa zijifiche dhidi ya makazi, kwa hiyo upande unaopakana na nyumba za watu ukuta mzima ufike hata mita 3 kwa ajili ya kelele na vumbi, na vitu visirundikwe juu kupita ukuta. Upande wa barabara kuu ubaki grili, ili zimamoto na polisi waone ndani. Mabati ya kuzungushia eneo la ujenzi yapewe muda wa kibali cha ujenzi, yaache njia ya miguu salama, na yaondoke kazi ikiisha. Sina zaidi kwa hayo.

Utekelezaji ndio utakaoamua kama mmeandika sheria au karatasi. Katika miji yetu uzio hujengwa kabla ya nyumba. Mtu akinunua kiwanja leo, kabla hajawaza ramani ya nyumba anazungushia, kwa hofu ya kuvamiwa. Kibali cha ujenzi wa nyumba kinakuja miaka baadaye, wakati ukuta umeshapigwa plasta na rangi. Kama uzio wenu unakaguliwa ndani ya kibali cha nyumba, mnakagua kitu kilichokwisha kauka. Tenganisheni. Kibali cha uzio kiwe fomu ya ukurasa mmoja, nakala ya hati au barua ya toleo, mchoro wa mkono wenye vipimo, ada ndogo isiyomkimbiza mtu, na jibu ndani ya siku saba. Halmashauri ikikaa kimya, kihesabiwe kimetolewa. Mkaguzi aende mara moja tu, siku msingi unapochimbwa. Kosa likionekana hapo linarekebishwa kwa jembe na chepe. Michongoma, minyaa na waya wa wavu usiozidi mita 1.2 visidaiwe kibali hata kidogo. Hilo litawavuta wengi kuchagua uzio hai, ambao unapitisha maji na haumwangukii mtu.

Siku hiyo ya msingi mkaguzi aangalie bikoni. Msingi wa ukuta wa bloku mara nyingi una upana wa sentimita 45. Fundi akivuta kamba kutoka bikoni hadi bikoni na kuuweka msingi katikati ya kamba, sentimita 22 na nusu zimeingia kwa jirani au barabarani, na hakuna atakayeziona zikishafukiwa. Kifungu kisome "uso wa nje wa ukuta pamoja na msingi wake". Majirani wakikubaliana ukuta wa pamoja, waandikishane mbele ya mtendaji wa mtaa na nakala iambatishwe kwenye kibali. Bikoni isifukiwe ndani ya zege. Ukuta uache tundu pale ilipo, maana siku ya mgogoro mpima ardhi ataitafuta hiyo kwanza.

Kuta zilizopo zitawaletea kelele kuliko kitu kingine, kwa hiyo zipangieni mapema. Nchi hii ina funzo la barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipopanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa, yaani eneo la barabara lisiloruhusiwa kujengwa, kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara, watu walitofautisha haraka kati ya walioifuata barabara, yaani waliojenga ndani ya hifadhi ya zamani, na waliofuatwa na barabara, yaani waliokuwa nje yake kabla haijapanuliwa, na wa kundi la pili walistahili fidia. Tumieni haki hiyohiyo. Ukuta uliojengwa kabla ya sheria mpya, ukiwa ndani ya mpaka wake na haujaleta hatari, uachwe mpaka siku mwenyewe atakapobomoa au kujenga upya zaidi ya nusu yake. Hapo ufuate vipimo vipya. Ukuta unaoziba kona, unaoziba mtaro au unaoyumba haupati msamaha huo. Upeni miezi 12, na kwenye kona mwenye nyumba aruhusiwe kukata sehemu ya pembetatu tu bila kubomoa wote. Uliojengwa ndani ya hifadhi ya barabara hauhusiki na sheria hii, upelekeni kwa TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa) au TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) kulingana na barabara.

Kwenye mitaa isiyopimwa vipimo vya mbele na nyuma havitashika, kwani nyumba yenyewe iko mpakani. Huko lindeni kitu kimoja: njia. Wakati wa urasimishaji, yaani kupima na kutambua rasmi makazi yaliyojengwa bila mpango, kabla ya mtu kuzungushia, mtaa ukubaliane upana wa kila kichochoro na kuuchora kwenye ramani, na angalau njia moja kwa kila kundi la nyumba ipitishe gari la zimamoto. Uzio wowote uanzie nyuma ya mstari huo, hata kama ni wa mabati.

Kuhusu utaratibu, sheria ndogo yenu inatungwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982. Mtatangaza kusudio, mtapokea pingamizi za wananchi, baraza la madiwani litapitisha, Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa ataridhia, na itaanza kutumika ikishachapishwa katika Gazeti la Serikali. Wakati wa pingamizi msiishie kwenye tangazo la ubao wa ofisi. Vipimo vichoreni kwenye karatasi moja kubwa: kiwanja, mbele, pembeni, kona, geti. Kisha waiteni mafundi wa ujenzi na wafyatua tofali wa kila kata, muwasikilize kabla hamjapitisha. Mwananchi anayejenga uzio kwa kawaida hamuulizi afisa mipango miji, anamuuliza fundi, na fundi atajenga kile alichozoea mpaka mtu amweleze kwa nini nguzo ni kila mita 3 na kwa nini tundu la maji lisizibwe.